Kanuni za Mama Mkwe

2 Februari 1986

Shemeji Fundi,

Barua hii anakuletea mama mwenyewe ndani ya mkoba wake, na ameahidi kutoifungua. Hataifungua. Kusoma anajua, ila hajawahi kupendezwa na maandishi yangu.

Ulikaa kwetu miaka minne ukifunga lifti kwenye majengo ya serikali. Ukajifunza lugha yetu, ukamwoa mdogo wangu, ukaondoka naye. Watu wanasema nilipinga. Sikupinga, niliuliza maswali. Sasa baba hayupo, nyumba imekuwa kubwa kwa mtu mmoja, na ninyi mmemwomba mama aje akae nanyi. Sawa. Lakini nimesoma vya kutosha juu ya watu wa huko kwenu kujua mnavyowatendea wazee. Mzee kwenu ni kama kabati la urithi: linawekwa pembeni na kupanguswa vumbi Jumamosi. Uliwahi kuniambia kwamba fundi wa kweli hagusi mashine kabla hajasoma maelekezo yake. Basi haya ndiyo maelekezo ya mama.

Mkwe hali pamoja na mama mkwe wake. Hakai naye meza moja, hamtazami akitafuna. Mwandalie vizuri, tandika kitambaa safi, kisha ondoka umwache. Akikukaribisha, kataa. Atakukaribisha, tena si mara moja. Hiyo ni adabu yake tu, na mwenye akili hushukuru na kurudi nyuma. Usimwulize kama ameshiba au anataka nini, mama si mteja wa hoteli. Mkiwa safarini, kanuni ni zile zile. Heshima haina likizo.

Na haya yabaki kati yetu wanaume wawili. Usiyapeleke kwa mke wako. Binti haulizwi juu ya heshima ya mama yake, na huyo wa kwetu amekwisha sahau nusu ya aliyofundishwa.

Najua vijana wetu wenyewe wameyatupa haya. Kila wiki nawachapa gazetini, nao kila wiki wanacheka. Tuone kama mgeni ataweza.

Kaka wa mkeo

*

9 Machi 1986

Kaka yangu,

Mama amefika salama. Alishuka kwenye ndege amebeba mto wake wa kulalia kwapani, ati hawezi kulalia manyoya ya watu asiowajua. Fundi alikwenda kumpokea na koti jipya la sufu. Mama akalivaa palepale, akajitazama kwenye kioo cha mlango, akasema, "Sasa nimefanana na askari wa zimamoto."

Uliniuliza kazi. Bado niko kwenye jiko la ndege. Si jiko kama unavyolijua wewe. Ni ukumbi mrefu wenye baridi, tumevaa kofia za nailoni na mabuti meupe, mkanda unapita mbele yetu na trei juu yake. Nyama hapa, mboga pale, mkate kwenye kona, siagi ya ukubwa wa ukucha. Mimi natia mkate. Kila siku nawalisha watu wanaokwenda kila pembe ya dunia, na sijawahi kumwona hata mmoja akimeza. Naingia saa saba mchana, natoka saa tatu usiku. Kwa hiyo chakula cha jioni wanabaki wawili, mama na Fundi. Nilifurahi, nikasema watazoeana.

Sasa sikiliza. Jumatatu ndiyo siku yangu ya kupumzika. Jumatatu iliyopita nilipika wali na mchuzi, nikaita watu mezani. Fundi akamsogezea mama kiti, akamwekea sahani, akanyoosha kitambaa mpaka kikawa hakina hata kunjo moja, kisha akaenda jikoni. Nikamfuata. Nikamkuta amesimama karibu na sinki anakula. Nikamwambia, "Kaa basi mezani." Akasema, "Nimeshakula." Kaka, kijiko kilikuwa mdomoni.

Mama akaniuliza, "Mumeo ana kidonda mdomoni? Kila siku namwambia njoo tule, anainama kama mhudumu wa benki halafu anakwenda kinyumenyume. Juzi nusura aanguke kwenye ndoo."

Tulicheka. Lakini baadaye nikawaza. Wakati tunachumbiana mtu huyu alikuwa anakula hata sahani yangu. Sijui ameanza lini kuona karaha.

Usiiandike habari hii gazetini.

Mdogo wako,
Kitinda

*

28 Machi 1986

Kitinda,

Sikushangaa. Nilikwambia, ukasema nina chuki. Hawa ni watu waliovumbua mashine ya kumpandisha mtu hadi ghorofa ya ishirini, lakini kukaa meza moja na bibi kizee kumewashinda. Atamtandikia kitambaa, ndiyo, kitambaa ni kitu na vitu wanavijua. Binadamu ndiye anayewatia kichefuchefu. Nimesoma vitabu vyao, na katika vyote mtu mweusi yuko jikoni au yuko mlangoni. Nani alikudanganya kwamba mumeo hakusoma vitabu hivyo hivyo?

Na usimbembeleze. Ukimwuliza atakupa sababu, na sababu zao ni laini kama sabuni. Wewe mpe mama chakula, mwache yeye ale na sinki lake.

Nilimwandikia kijibarua cha salamu mama alipoondoka. Sikumbuki hata nilisema nini, ila nina hakika kilikuwa cha heshima kuliko alivyostahili.

Jambo jingine, hili usimwambie mama. Nimeacha gazeti la wenyewe, naanzisha jarida langu. Kwa hiyo nimehamishia ofisi nyumbani kwake. Chumbani kwake kuna meza mbili na mashine ya chapa, na ukuta wa jikoni tumeuvunja ili kupata mwanga. Ni kwa muda tu. Nyumba tupu ni dhambi, na nchi hii inahitaji jarida kuliko inavyohitaji jiko moja zaidi.

Kaka yako

*

15 Juni 1986

Mwanangu,

Naandika mwenyewe, kwa hiyo vumilia mistari inayopanda mlima. Dada yako yuko kazini anawatilia mkate watu wa angani. Mimi niko dirishani. Mtaa huu una miti minne na mbwa tisa, nimewahesabu wote, na mbwa mmoja ameanza kunisalimia.

Sina ugonjwa. Kama umeandikiwa kwamba naumwa, siumwi. Nguo zimekuwa kubwa, basi. Dada yako ananiambia nimepungua kidogo, mimi namwambia ni koti hili la zimamoto linanifanya nionekane mdogo.

Lakini nataka kurudi nyumbani.

Nikwambie sababu. Hapa nakula kama mfungwa mwenye cheo. Sahani nzuri, kitambaa cheupe, glasi ya maji imefunikwa, kisha mlango unafungwa polepole na nyayo zinaondoka. Kitoweo kizuri, sikatai. Ila chakula ukikila huku unasikia meno yako mwenyewe, mwanangu, hakishuki. Mara ngapi nimemwita yule bwana. Nimemwita kwa sauti, nimemwita kwa mkono, siku moja nilikuja nimebeba sahani yangu mpaka jikoni aliko. Akaweka chini ya kwake, akanishukuru, akatoka nje kwenye baridi bila koti. Nikajua basi, mtu huyu hawezi kunitazama nikila. Sijui nina nini. Nilijitazama mdomo kwenye kioo.

Si mtu mbaya. Alinitengenezea kiti changu mguu. Ananinunulia machungwa. Ndiyo maana inauma. Angekuwa mbaya ningemtukana nikapata nguvu.

Unakumbuka baba yako na mama yangu? Walikuwa wanakula sinia moja, wanagombania ukoko, na bibi yako alikuwa anamchapa mkono mkwewe kwa mwiko. Mimi nilikulia kwenye kelele hiyo, nikazeekea humo. Kimya hiki sikukisomea.

Niombee nafasi nirudi. Nitalala hata kwenye chumba kidogo cha uani, wewe chukua hicho kikubwa.

Mama yako

*

3 Julai 1986

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imenitoa machozi, kisha ikanitia hasira, na hasira imekaa.

Lakini kurudi sasa haiwezekani. Nyumba ina matengenezo, paa la upande wa chumbani kwako linavuja na mafundi wetu unawajua. Vumilia mpaka mwakani. Na nakuomba usijitazame mdomo kwenye kioo. Mwenye kasoro ni yeye. Wewe kula, tena kula sana, ili aone kwamba dharau yake haikugusi. Kula kwako ni jibu.

Usimwite tena mezani. Usijishushe.

Mwanao

*

20 Agosti 1986

Kaka,

Tumerudi juzi kutoka kwa wazazi wa Fundi. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la kubadilishia nguo kazini, kabla ya zamu, kwa sababu nyumbani siwezi kushika kalamu bila kulia.

Safari huchukua saa tisa kwa treni. Nilifunga kikapu: mkate, mayai ya kuchemsha, kuku wa kukaanga, machungwa, chai kwenye chupa. Tulipata kichumba chenye viti viwili vinavyotazamana, magoti kwa magoti. Mama alipoona hivyo akachangamka, akaninong'oneza, "Hapa hana pa kukimbilia." Kaka, hujapata kumwona hivyo tangu baba afariki. Alikunja mikono ya koti, akamenya mayai, moja langu, moja lake, la tatu akalipaka chumvi akamnyooshea Fundi.

Fundi akasimama. Akainama, akasema, "Asante sana, mama," akachukua kipande cha mkate akatoka koridoni. Alisimama huko saa nzima karibu na mlango wa choo, watu wanapita wakimgonga na masanduku, anakula mkate mkavu. Mama akabaki ameshika lile yai. Alilishika mpaka kituo kilichofuata. Halafu akalifunga kwenye karatasi, akafunga na la kwake. Hakula kitu tena mpaka tunafika.

Kule kwa wakwe nilidhani itakuwa nafuu. Mama mkwe wangu alipika siku mbili. Lakini mama alikuwa ameandaliwa meza ndogo chumba cha pembeni, kuna maua, kuna kitambaa cha kudarizi, kiti kimoja. Kimoja, kaka. Nikamvuta Fundi uani nikamwuliza, hii ni nini? Akasema, "Ni heshima." Nikamwambia heshima gani ya kumfungia mtu chumbani kama mgonjwa wa kuambukiza. Akafungua mdomo, akafunga. Akarudia, "Ni heshima," kama mtu aliyekariri. Kisha mama yake akaja kunishika mkono jikoni akaniuliza kama mama yangu anawachukia. Ati wao wanachukiwa kwa nini. Nilidhani ananikejeli. Nilimjibu vibaya sana, maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Wakati wa kurudi mama alisema hana njaa. Alisema treni inamtikisa tumbo.

Nilikuwa nakuficha, sasa sikufichi. Amekonda, kaka. Nikimwogesha nahesabu mifupa. Daktari amempima damu, amempima kifua, hakuona kitu. Akaniuliza, "Anakula?" Nikasema anakula, sahani zinarudi safi. Fundi mwenyewe huziosha.

Mchukue. Nakuomba, ondoa hizo meza zako, mchukue mama.

Kitinda

*

8 Septemba 1986

Kitinda,

Nimeisoma barua yako mara mbili na nimevunja kikombe. "Ni heshima." Wanachukua hata neno letu wanalitumia kufungia mlango. Katika toleo la kwanza la jarida nitaandika makala juu ya hilo, bila kuwataja, usiogope. Itaitwa Meza ya Kiti Kimoja.

Kuhusu kumchukua: toleo linatoka Desemba, mitambo imefungwa sakafuni kwa nati, siwezi kuing'oa sasa. Januari. Nakuahidi Januari. Mwambie mama paa linakaribia kwisha.

Na huyo bwana usizungumze naye. Kimya kwa kimya. Aonje.

Kaka yako

*

12 Novemba 1986

Shemeji,

Telegramu ya mke wangu umeipata. Nakuandikia yale ambayo hayakuenea kwenye telegramu. Nisamehe lugha yangu, siku hizi siitumii, kwa sababu nyumbani hatuzungumzi.

Mama alipata homa ya mapafu tarehe 29 Oktoba. Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Alifariki tarehe 4 Novemba saa kumi jioni. Mke wangu alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa nje ya mlango. Daktari alisema homa hiyo si kali, watu wa umri wake wengi hupona, lakini mwili wake haukuwa na akiba.

Hili sikulielewa. Mimi ndiye niliyepika jioni, siku sita kwa wiki, na mimi ndiye niliyeosha sahani. Sahani zilikuwa safi kila siku. Baada ya mazishi mlinzi wa jengo letu alikuja kutoa pole. Alisema kila jioni mama alikuwa anashuka na chakula chake kwenye bakuli lenye kifuniko. Alimpa mlinzi, wakakaa kwenye ngazi. Mama alikuwa anazungumza sana na kucheka. Mlinzi hajui lugha yenu hata neno moja. Mama alimega vipande viwili au vitatu, mlinzi akala vingine vyote. Tangu mwezi wa kumi baridi ilipozidi, mlinzi alihamishiwa lango la nyuma, na mama hakumwona tena. Baada ya hapo sijui chakula kilikwenda wapi.

Kwa hiyo nilikosea mahali, na nataka kujua ni wapi.

Katika kazi yangu, lifti ikianguka, tunarudi kwenye maelekezo na kukagua mstari kwa mstari. Barua yako iko kwenye sanduku langu la vifaa, ndani ya nailoni, nimeikagua mara nyingi. Sikukaa naye meza moja hata siku moja. Alinikaribisha mara nyingi sana, mwanzoni kila siku, na kila mara nilikataa. Nikwambie kweli, lilikuwa jambo gumu. Alikuwa anakaribisha vizuri. Siku moja alinifuata jikoni na sahani, nikatoka nje ili nisimvunjie heshima. Kwenye treni nilitii. Kwa wazazi wangu niliogopa kwamba meza yao ina wanaume wengi, mimi na baba na kaka zangu, kwa hiyo niliomba atengewe chumba. Mama yangu alilia, nikamwambia ndivyo kwao. Sikumwuliza mama kama ameshiba. Sikumweleza mke wangu. Aliniuliza uani, nusura nimwambie, nikakumbuka.

Kwenye mazishi sikujua la kufanya. Barua yako haisemi kitu juu ya jeneza. Wanaume wanne walihitajika na walikuwapo watatu, mke wangu akanitazama. Nikafikiri, kama sikuruhusiwa kukaa karibu naye akiwa hai, kumbeba itakuwa kosa kubwa zaidi. Nilisimama nje ya uzio. Mlinzi ndiye aliyebeba.

Niandikie kama hapo nilikosea. Na kama nilikosea kabla ya hapo, nionyeshe mstari.

Shemeji yako,
Fundi

*

30 Novemba 1986

Kitinda,

Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili. Hii ni yako. Ya pili, iliyofungwa, ni ya mumeo. Mpe asome.

Mumeo hakumdharau mama. Nilimwandikia mimi. Kile nilichokuambia ni kijibarua cha salamu, kilikuwa amri: asile naye, akialikwa akatae, wakiwa safarini vivyo hivyo, wewe usiambiwe. Niliandika mchana mmoja, mama anafunga mizigo chumba cha pili, nikaona nimeandika vizuri, nikasahau. Nimesahau kweli. Miezi yote hii nakuchochea umchukie mtu kwa jambo nililomwagiza mimi, na sikuwa nadanganya. Kichwa changu kimejaa makala, na kila makala ikishatoka naipisha nyingine.

Utauliza kanuni zile nilizitoa wapi. Nilizisoma kwenye kitabu cha mtafiti fulani aliyepita kwetu zamani akauliza watu maswali. Labda ziliwahi kushikwa kijiji fulani. Nyumbani kwetu hazikushikwa hata siku moja, mama mwenyewe aliniandikia hivyo mwezi wa sita, akanikumbusha baba na bibi na ukoko wao. Nilisoma mstari ule nikaupita kama salamu.

Kuna jambo baya zaidi na nitaliandika. Sikuziandika ili azishike. Niliziandika ili ashindwe. Nilitaka wiki ya pili uniletee habari kwamba amekaa mezani na mama, tena yeye amevaa fulana, nicheke, niandike. Sikufikiri kuna mtu duniani anayesoma neno langu na kulitenda. Wasomaji wangu hawajawahi.

Na mama aliomba kurudi. Paa halikuwa linavuja.

Mwambie mumeo asome barua yake leo. Nimemweleza kila kitu, mstari kwa mstari kama alivyotaka. Ana haki ya kujua.

Kaka yako

*

17 Desemba 1986

Kaka,

Barua ya mume wangu sikumpa. Niliifungua, nikaisoma, nikaichoma kwenye sinki. Kurasa sita. Imeandikwa vizuri sana. Umejichapa ndani yake kwa ufundi, mtu akiisoma atakuonea huruma.

Sasa nisikilize mara hii moja bila kutafuta la kunijibu.

Mume wangu haongei, halali vizuri, lakini anaamka, anavaa ovaroli, anakwenda kuning'inia kwenye mashimo ya lifti mchana kutwa. Kitu kimoja tu kinamsimamisha: anaamini kwamba hata kama mama alifariki, alifariki akiwa ameheshimiwa naye. Hicho ndicho alichonacho. Wewe unataka nimpokonye, nimwambie kwamba mara zote zile alipokuwa anaitwa, alikuwa anaitwa kweli. Kwamba mwanamke yule alikuwa anafifia mbele ya macho yake, na dawa ilikuwa ni kuvuta kiti. Atawezaje kubeba? Na wewe utapata nini? Utapumzika. Utakuwa umekiri. Utaandika na makala.

Mimi nitabeba ya kwangu. Nilikuwa na Jumatatu zote zile na sikumwuliza zaidi ya maneno mawili uani. Nilifuata ushauri wako, kimya kwa kimya. Mama yake alinishika mkono akaniuliza, nikamtukana. Mtu aliyenipenda nilimwona mnyama kwa sababu wewe unajua kuandika.

Jana nilimwomba msamaha. Hakuuliza kwa nini. Nilimwambia supu iko tayari, aje mezani. Alikuja mpaka kwenye kiti, akakishika mgongo, akasema ataila baadaye. Sasa anakula jikoni, amesimama. Hawezi tena kukaa.

Anakungoja umjibu. Kila akirudi kazini anatazama sanduku la barua kabla ya kuvua viatu. Mwandikie kwamba hakukosea. Maneno machache. Usieleze, usiombe msamaha, usiweke mfano wala historia. Wewe hujui kuandika bila kueleza. Jifunze.

Kisha usituandikie tena.

Kitinda

*

5 Januari 1987

Shemeji Fundi,

Umeniuliza ulikosea wapi. Hukukosea.

Kusimama nje ya uzio kulikuwa sawa. Mengine yote uliyofanya yalikuwa sawa. Mama alipata kwako heshima yote niliyokuagiza umpe.

Kaka wa mkeo